Baiskeli ya Umeme ya Madrasa: Hesabu Ambayo Daftari Letu Halikuionyesha



Tunawaletea habari ya chombo kidogo cha magurudumu mawili. Ni habari ya fedha za msikiti, na ya kosa tulilolifanya sisi wenyewe mchana kweupe, tukiwa na nia njema na daftari safi. Tumekawia kuiandika kwa sababu ya haya. Lakini tunaona kwamba siku hizi, hata katika miji midogo kama huu wetu wa Mbinga, familia nyingi zinaulizana swali lile lile lililotushinda: tununue baiskeli ya umeme ya bei nafuu, au tujibane tununue ya bei kubwa? Aliyekwisha kutumbukia shimoni hana budi kuwaonyesha wenzake lilipo.

Karatasi mbili mezani

Mbinga ni mji wa mlimani. Nchi ya Wamatengo ni migongo na mabonde, na wazee wa huku ndio waliobuni kilimo cha ngoro, yale mashimo yanayochimbwa kwenye miteremko ili mvua isiuchukue udongo. Mji uko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Ukishika barabara ya lami ya kilomita 66 kwenda Mbamba Bay, unashuka mpaka ufukwe wa Ziwa Nyasa, ulio chini ya mita 500. Waislamu wa huku si wengi, majirani zetu wengi ni Wakatoliki, na madrasa zetu zimetawanyika. Moja iko katika kijiji kilicho kilomita 14 kutoka mjini, bondeni, kama mita 400 chini yetu. Ina watoto 23, na ustadhi wao ndiye huyo huyo anayefundisha mjini.

Kwa muda mrefu ustadhi alikuwa akienda kwa boda boda, shilingi 10,000 kwenda na kurudi, mara tatu kwa wiki. Wiki ambayo mfuko ulikuwa mtupu, hakwenda. Septemba 2024, malipo ya kahawa yalipoanza kuwafikia wakulima, kamati iliomba mchango wa usafiri wake. Zilipatikana shilingi 3,100,000, jambo ambalo hatukulitarajia. Bibi mmoja mjane wa kijiji hicho alitoa shilingi 40,000 alizopata kwa kuuza maharage. Alizileta zimefungwa kwenye ncha ya kanga, akatuambia, "Katibu, mwanangu, andika vizuri. Hizi ni za miguu ya ustadhi." Tuliandika vizuri. Kuandika ndiyo kazi tunayoiweza. Chuoni tulifundishwa kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Surat al-Baqara, inahusu kuandikishana madeni, nasi tangu siku hiyo tumejivunia kalamu yetu pengine kupita kiasi.

Wazo la chombo cha umeme lilikuwa zuri, na bado tunaliona hivyo. Tangu umeme wa gridi ya Taifa ulipofika Songea mwaka 2018 kwa njia ya kutoka Makambako, nyumba nyingi za upande huu zina LUKU ukutani. Kwa bei ya kawaida ya shilingi 356 kwa uniti, pamoja na kodi, baiskeli ndogo ya umeme hujaa kwa pungufu ya shilingi 300. Petroli ya pikipiki kwa safari ile ile ya kwenda na kurudi haipungui shilingi 1,500. Hapo hapakuwa na ubishi.

Ubishi ulikuwa katika karatasi mbili za bei zilizoletwa mezani. Ya kwanza ilikuwa ya baiskeli ya shilingi 1,200,000: betri za asidi na risasi, volti 48 na ampea-saa 12, mota ya wati 350, na pedeli ambazo zipo kwa jina tu. Ya pili ilikuwa ya shilingi 2,750,000: betri ya lithiamu, volti 48 na ampea-saa 24, mota ya wati 1,000, na breki za diski mbele na nyuma. Tofauti ilikuwa shilingi 1,550,000, na kila mjumbe alijua tofauti hiyo ingeweza kufanya nini, kwa kuwa mahali pa kutawadhia pa akina mama palikuwa bado hapajaezekwa.

Sisi ndio tuliopendekeza ile ya kwanza. Tulizungumza kwa maneno mazuri. Tulieleza kwamba dini yetu haipendi israfu, kwamba magurudumu ni mawili kwa mawili, na kwamba muuzaji amesema chombo kinakwenda kilomita 60 kwa chaji moja ilhali safari yetu ni 28 tu. Mwenyekiti wetu, mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kahawa, aliuliza swali moja, "Nani kati yenu amepanda nacho mlima?" Tukamjibu kwa heshima kwamba mlima umo ndani ya hizo kilomita 60. Mzee akanyamaza. Tulilichukulia lile kuwa ni kukubali.

Ijumaa iliyofuata tulisimama baada ya swala tukatangaza kwamba chombo kimenunuliwa na zaidi ya shilingi milioni moja na nusu zimeokolewa. Waumini walisema Maashaallah. Tukiri hapa hapa kwamba tuliporudi nyumbani mchana ule, sauti zile zilikuwa bado zinatuwasha masikioni, nasi tulizifurahia. Mwenzetu wa nyumbani alitupakulia chakula, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na yeye ustadhi alichagua kipi?" Tulikuwa hatujamuuliza.

Mlima haudanganywi

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya raha. Ustadhi aliteremka kijijini Jumatano alasiri, Jumamosi na Jumapili, na siku nyingine alikitumia chombo mjini, kuzuru wagonjwa na kufuatilia mambo ya mazishi. Yule bibi wa maharage alimruhusu kukichomeka nyumbani kwake watoto wanaposoma, kwa hiyo alipanda mlima akiwa na chaji ya nyongeza. Madrasa ilichangamka. Watoto wanane walianza kuhifadhi Juzuu Amma.

Mwezi wa Januari alianza kufika mjini akiwa amechelewa. Februari alianza kufika akiwa analoa jasho. Hakusema neno. Sisi tulidhani ni mvua, kwa maana msimu wa mvua wa Ruvuma ni mmoja na mrefu, na kila mtu huchelewa.

Hesabu ambayo tungepaswa kuifanya Septemba tuliifanya Aprili, tukisaidiwa na fundi umeme kijana ambaye ni muumini wa msikiti wetu. Tunaiweka hapa kwa sababu haihitaji elimu kubwa. Uwezo wa betri hupatikana kwa kuzidisha volti na ampea-saa. Arubaini na nane mara kumi na mbili ni wati-saa 576. Kupandisha mzigo wa kilo 150, yaani mtu, chombo na mfuko wa misahafu, mita 400 kwenda juu, hudai karibu wati-saa 165 hata kama hakuna kinachopotea njiani. Lakini mota hupoteza, matairi husuguana na barabara, na upepo huzuia. Kwa makadirio ya fundi wetu, kurudi peke yake kulidai kama wati-saa 400, na kuteremka pia kulitumia kidogo.

Sasa, betri ya asidi na risasi haipendi kunyonywa hadi mwisho. Mtu akitaka idumu, aitumie nusu kisha aichaji. Nusu ya 576 ni 288. Maana yake ni kwamba kila safari tulikuwa tukiitaka betri itoe zaidi ya ilichoweza kutoa bila kuumia, na bibi akikatikiwa na umeme, iliumia zaidi. Betri ya namna hiyo ikitendewa hivyo hustahimili chaji mia chache tu. Ya lithiamu, hasa ile ya chuma na fosfeti, hustahimili elfu moja, elfu mbili na pengine zaidi, na hukubali kutumiwa karibu yote. Tena ile ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 16, na ile ya pili, iliyobeba mara mbili yake, kilo 10 hivi. Kwenye mlima, betri nzito ni abiria asiyelipa nauli.

Muuzaji alisema kilomita 60. Hatuna shaka kwamba zipo, kwa mtu mwepesi, kwenye tambarare, kwa mwendo wa pole, betri ikiwa mpya. Hakuna hata kimoja katika hivyo vinne kilichokuwa chetu.

Ramadhani ya mvua

Ramadhani ya mwaka 1446 Hijria ilianza mwanzoni mwa Machi 2025, na Machi kwetu ni mwezi wa mvua. Jumatano moja ustadhi alifundisha hadi alasiri, akaanza kupanda. Siku ile umeme ulikuwa umekatika kijijini tangu asubuhi. Zilipobaki kilomita sita, mota ilinguruma mara moja, ikapoa, taa ikazimika. Chombo kina kilo 55. Huwezi kukiacha kando ya barabara, nacho ni mali ya msikiti. Wala pedeli zake haziwezi kukipandisha. Alikisukuma kwenye mvua akiwa amefunga, na misahafu ya watoto akiifunika kwa kanzu yake ili isilowe.

Maghrib ilimkuta njiani. Kutoka nyumba iliyo juu ya kingo ya barabara, mama mmoja Mkatoliki alimwita. Alimwambia, "Ustadhi, najua mmefunga, na jua limezama. Ingia." Akampa maji ya moto, ndizi za kuchemsha na chai. Akamwonyesha pembe ya sebule pa kusalia, na mwanawe akasukuma naye chombo mpaka mjini. Tarawehe ilikuwa imekwisha walipofika.

Haya yote hatukuyasikia kwake. Tuliyasikia siku tatu baadaye kutoka kwa yule kijana, aliyetuuliza bila ubaya wowote, "Hivi nyie mlimnunulia ustadhi baiskeli, au mlimnunulia mkokoteni?" Hatukuwa na jibu. Tulipomfuata ustadhi kumwomba radhi, alisema tu kwamba hakutaka kuonekana mtu asiyeshukuru, kwa kuwa ametangaziwa mbele ya jamaa kwamba kimenunuliwa kwa ajili yake. Maneno hayo yametulia kifuani mwetu mpaka leo. Tangazo letu la Ijumaa, lile lililotufurahisha, ndilo lililomfunga mdomo.

Kuanzia wiki ile hadi Mei madrasa ya kijijini ilisoma kwa kuruka ruka. Watoto 23 wakawa 14, kisha tisa. Kati ya wale wanane wa Juzuu Amma, walioendelea ni watatu. Tulipokutana na bibi wa maharage kwenye gulio, alitushika mkono kama kawaida yake, akauliza, "Katibu, ile miguu ya ustadhi imepatwa na nini?"

Hesabu mbili

Mweka hazina wetu ni mtu wa haki, na katika kikao cha Julai aliisoma hesabu bila kutuonea na bila kutupendelea. Betri mpya nne: shilingi 320,000. Kontrola iliyoungua mlimani: 90,000. Matairi na breki: 60,000. Boda boda za ustadhi mara 30 wakati chombo kimelala: 300,000. Jumla ni shilingi 770,000. Katika zile 1,550,000 tulizojisifu kuziokoa, nusu ilikuwa imekwenda kabla ya mwaka kwisha.

Kisha akasema jambo ambalo tunataka wasomaji walisikie, kwa kuwa haki inataka lisemwe. Alisema, "Ndugu zangu, hata hivyo kwa shilingi tupu, cha rahisi bado ni rahisi. Tumetumia 1,970,000. Kile cha pili kilikuwa 2,750,000." Ni kweli. Anayesema kwamba rahisi ni ghali aseme pia baada ya muda gani, maana si kila rahisi hugeuka ghali mwaka wa kwanza.

Lakini mwenyekiti wetu, ambaye hakuwa amesema lolote tangu lile swali lake, aliomba daftari. Akalifungua ukurasa wa mchango, akaweka kidole kwenye jina la bibi wa maharage. Akauliza, "Hapa imeandikwa fedha zilitolewa kwa ajili ya nini?" Tukasoma mwandiko wetu wenyewe: usafiri wa ustadhi kwenda madrasa. "Basi," akasema, "hesabu yako ni ya kitu gani?"

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulijifunza kwamba mali inaweza pia kupotea ndani ya daftari, kila senti ikiwa na stakabadhi yake. Tulikuwa na safu ya bei na safu ya salio. Hatukuwa na safu ya safari alizofika, wala ya watoto waliosoma. Watu hawakutukabidhi fedha ili tuwarudishie chenji. Walitukabidhi ili mwalimu afike. Amana ilikuwa ni kufika kwake, na shilingi zilikuwa njia tu.

Kuna hadithi mashuhuri ya Mtume (SAW) kupita sokoni, akaingiza mkono wake katika fungu la chakula na kukuta unyevu chini yake, akamlaumu muuzaji kwa kutouweka juu watu wakauona. Mwanzoni sisi tuliikumbuka hadithi hiyo ili kumlaumu aliyetuuzia, na lawama yake anayo. Lakini usiku mmoja ilitujia kwamba katika kisa hicho mkono uliingia ndani ya fungu. Sisi hatukuingiza mkono. Tulisoma kilichoandikwa juu ya karatasi, tukafurahi. Wanachuoni wa fiqhi wametuachia mlango mzima wa khiyari, haki ya mnunuzi ya kukagua na kurudisha chenye aibu ndani ya muda waliokubaliana. Tuliusoma mlango huo, tukaufanyia mtihani, tukaufaulu, na tulipokwenda dukani tukausahau. Na kuhusu israfu tuliyoitumia kama hoja, Surat al-Furqan inapowasifu waja wema katika matumizi yao, inawakataza ubadhirifu na ubahili kwa pamoja, na kuwaweka katikati. Tulikumbuka nusu iliyotufaa.

Chombo cha pili, na makao mapya ya cha kwanza

Msimu wa kahawa wa mwaka 2025 tulisimama tena baada ya swala ya Ijumaa. Safari hii tulisoma hesabu zote mbili, ya shilingi na ya watoto, tukasema kosa lilikuwa la katibu. Tulitarajia manung'uniko. Mzee mmoja alisema, "Umechelewa, lakini umefika," watu wakacheka, na mchango ukaanza pale pale. Pamoja na salio, ulitosha.

Hatukukimbilia cha bei kubwa kwa kuwa ni cha bei kubwa. Hilo lingekuwa kosa lile lile lililovaa kilemba kingine. Wahenga wametuonya kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi vibaya vingine hujitembeza na bei ya juu ili vidhaniwe vizuri. Tulimpeleka ustadhi mwenyewe, na mfuko wake wa misahafu, akapanda mlima na kushuka mara mbili mfululizo mbele ya fundi wetu. Tuliandikiana na muuzaji mpya mambo matatu: muda wa waranti ya betri, nani atagharimia kuisafirisha ikiharibika, na siku saba za khiyari. Mfanyabiashara wa kwanza tuliyemwendea alikataa kuandika. Wa pili aliandika. Tukauliza pia habari za usajili, bima na leseni, kwa kuwa chombo chenye nguvu huhesabiwa kuwa pikipiki, na gharama hizo huwa hazimo kwenye karatasi ya bei.

Tuliingia tukijua hatari yake. Betri yake ikifa nje ya waranti, bei yake peke yake inakaribia bei ya kile chombo cha kwanza kizima. Huko Kigali na Nairobi zipo kampuni, kama Ampersand, zinazomruhusu dereva kuacha betri iliyokwisha kituoni na kuondoka na iliyojaa, kwa hiyo mzigo wa betri haumwangukii yeye. Kwetu hatujaona kituo cha namna hiyo. Mnunuzi wa Mbinga hununua chombo pamoja na mashaka yake yote, na afadhali ayajue mapema. Ndiyo maana kila mwezi kamati inaweka shilingi 30,000 kando kwa ajili ya betri ijayo, hata kama hii ya sasa ni nzima.

Na kile cha kwanza? Wapo waliotaka kiuzwe. Tukaogopa kwamba tutamuuzia mtu wa mlimani, naye ataonewa kama tulivyoonewa. Ndugu zetu wa ufukweni walitusikia. Kati ya Mbamba Bay na Kilosa njia imelala karibu na ziwa, mwalimu wao wa madrasa ni mwembamba, na safari yake haizidi kilomita chache. Tulikipakia kwenye lori tukakiteremsha kama waqfu, tukiwaeleza aibu zake zote kwa maandishi.

Desemba tuliteremka kuwatembelea. Tulimkuta mwalimu amesimama kando ya vichanja vya dagaa, chombo chake kikiwa safi kuliko siku tulipokinunua, mkeka wa watoto umefungwa nyuma. Anakichaji mara mbili kwa wiki. Alitushukuru mpaka tukaona haya. Tulikaa tukiliangalia ziwa, tukafikiri jinsi tulivyokiita kibovu mwaka mzima. Hakikuwa kibovu. Kilikuwa cha watu wa tambarare, nasi tukakipeleka mlimani kwa sababu ya bei yake.

Kwa familia inayotaka kununua

Tumeombwa na wasomaji kadhaa wa karibu tuseme kwa ufupi mtu aangalie nini. Kwanza apime njia yake kabla ya kupima mfuko wake: ni kilomita ngapi, ina kupanda kiasi gani, na mzigo ni upi, akimhesabu na mtoto atakayepakiwa. Pili azidishe volti na ampea-saa. Kama betri ni ya asidi na risasi, agawanye kwa mbili, na hiyo ndiyo aiite betri yake. Tatu aulize bei ya betri mpya siku ile ile anayonunua chombo, na aulize fundi yuko wapi. Nne ajaribu kwenye kilima chake mwenyewe, si uani kwa muuzaji. Tano, na hili tunalisisitiza, amuulize atakayekitumia. Baba akimnunulia mama wa nyumbani chombo cha kupelekea mboga sokoni bila kumshirikisha, atajikuta ameinunulia furaha yake mwenyewe.

Kama njia ni tambarare na safari ni fupi, anunue cha bei nafuu kwa moyo mweupe, wala asione haya. Kama ni mlima na riziki ya watu inategemea kufika, asubiri msimu mmoja zaidi, akope bila riba kwa ndugu, au wanunue wawili kwa ubia, lakini asijidanganye.

Neno la mwisho ni kuhusu usalama wa watoto. Usichaji karibu na kitanda wala mlangoni, na usitumie chaja isiyo ya chombo chenyewe. Betri za asidi zilizokufa zina risasi, nayo ni sumu inayodhuru akili za watoto. Zisibaki uani, zisipasuliwe, zisiyeyushwe nyumbani. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walioathiriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hakuna fidia inayomrudishia mtoto afya yake. Zile nne za kwanza tulizirudisha kwa muuza betri, naye akatupunguzia bei ya zile mpya.

Leo madrasa ya kijijini ina watoto 19. Wanne hawajarudi, wawili kati yao walikuwa wamefika nusu ya Juzuu Amma, na wazazi wao wanasema wamekwisha kuzoea kazi za shamba. Hao tumewaandika katika daftari, katika safu mpya tuliyoichora kwa mkono, na kila mwisho wa mwezi tunakwenda kuwaulizia. Bibi wa maharage bado anaacha waya umetoka dirishani kila Jumatano, ingawa chombo kipya hakiuhitaji. Ustadhi huuchomeka hata hivyo. Anasema hawezi kumnyima thawabu yake.

Tunamuomba Allah (SW) atusamehe tulipokosea katika amana za watu, awape wenye kuchanga malipo yao kamili, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaouliza kabla ya kununua na wanaokiri baada ya kukosea. Amin.